Bunduki ya Zamu Mbili

Bunduki ililia kila mara fundi alipovuta triga, na kila ilipolia, mlinzi aliyekuwa mahabusu alizidi kukisogelea kitanzi.

Fundi wa silaha wa kikosi aliijaribia kwenye shimo la mchanga nyuma ya karakana yake. Alikoki, akafyatua, akakoki tena, bila papara, mpaka risasi alizopewa kwa majaribio zikamwishia. Kisha akairudisha ndani, akailaza mezani juu ya gunia na kuanza kujifuta mikono kwa tambara lililokuwa chafu kuliko mikono yenyewe.

"Nzima," alisema. "Ingekuwa ng'ombe ningekuambia ina mimba."

Inspekta aliyesimama mlangoni hakucheka. Wenzake kituoni walimpachika jina la Chujio, kwa kuwa maneno ya watu yakipita kwake yanabaki makapi, na jina hilo lilimshika hata mkuu wa upelelezi akawa anamwita hivyo mbele ya wageni. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini na tabia ya kumuuliza mtu swali lilelile siku mbili tofauti. Watu wenye siri walimwogopa kuliko askari wanaopiga meza.

"Umeifungua?" aliuliza.

"Nimeifungua kabla sijaifyatua. Springi ngumu, pini imenyooka, mafuta yapo, safi, yanang'aa. Huyo kijana wako anadanganya."

Kijana mwenyewe alikuwa mlinzi wa jioni katika ghala la baridi, lile la kuhifadhia nyama, upande wa viwandani. Ghala lilikuwa na walinzi wawili na bunduki moja, bunduki ya marisau ya kampuni yao ya ulinzi. Wa mchana alikaa nayo langoni. Jioni alimkabidhi mwenzake, na mwenzake akaingia nayo chumba cha baridi kusimamia upakiaji wa malori, kwa sababu zamani nyama ilikuwa ikiyeyukia mikononi mwa wapakizi. Wiki iliyopita, kama saa moja baada ya makabidhiano, majambazi walivamia lango. Mlinzi wa mchana alikuwa bado hajaenda kwake. Alikuwa anafungua lango ili lori lililokwisha kupakiwa litoke. Mlinzi wa jioni alitoka mbio chumba cha baridi, akaielekeza bunduki, na bunduki haikulia. Majambazi walimpiga risasi yule wa langoni kifuani, wakaondoka na lori na nyama yake.

Mlinzi wa jioni alisema alivuta triga mara mbili. Wapakizi walisema walimwona amesimama tu kama nguzo. Lililomkaanga zaidi ni kwamba marehemu alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake, na majirani walikuwa wepesi kukumbuka kila neno ambalo watu hao wawili waliwahi kurushiana. Mkuu wa upelelezi alikuwa amekwisha kuandaa mashtaka: kula njama ya ujambazi na mauaji. Kesho asubuhi kijana angefikishwa mahakamani.

Chujio alitoa bahasha mfukoni, akamimina kitu kimoja juu ya gunia. Ilikuwa risasi ambayo haijalipuka, imechafuka vumbi na mafuta ya nyama.

"Nimeipata kwenye pipa la takataka la ghala," alisema. "Wapakizi walifagia kabla hatujafika. Tazama kitako chake."

Fundi alivaa miwani yake ya kukuzia, akaisogeza risasi kwenye mwanga wa dirisha. Katikati ya kitako, pale penye kile kitufe cha shaba ambacho pini hukigonga ili kuwasha baruti, palikuwa na kishimo kidogo sana.

"Imeguswa," alikubali kwa shingo upande. "Imeguswa, haikupigwa. Mtu yeyote mwenye msumari anaweza kufanya hivi, kisha akaitupa chini ili upate cha kuokota."

"Msumari una ncha. Hicho kishimo kina ncha?"

Fundi alitazama tena, na safari hii alichukua muda. Alichukua ganda moja la zile alizofyatua muda ule, akaliweka kando ya ile risasi ya pipani, akavigeuzageuza. Karakana ilinuka mafuta ya taa ambayo alisafishia vyuma, harufu kali iliyomeza harufu nyingine zote.

"Cha mviringo," alisema mwishowe. "Ni pini ya bunduki hii. Ina pengo dogo pembeni, na pengo lipo kwenye vishimo vyote viwili. Lakini ilikuja kichovu."

"Springi umesema ni ngumu."

"Ngumu."

"Pini imenyooka."

"Afande, unataka niseme nini?"

"Nataka uniambie kwa nini pini hiyohiyo na springi hiyohiyo ziligonga kwa nguvu leo, na jioni ile zikagusa tu."

Fundi alikaa kwenye kigoda chake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kuwa na jibu, na sasa lilikuwa limempotea.

"Mafuta mazito yanaweza kuichelewesha pini," alisema polepole. "Mtu akijaza grisi kwenye tundu lake, pini inakuwa kama mtu anayetembea kwenye tope. Ndiyo maana hawa walinzi wa makampuni, ninapokagua silaha zao kila mwaka, nawaambia wapake yale mepesi tu. Grisi inakamata vumbi la lango, na baridi ikiingia ndiyo kabisa. Nimewachagulia mwenyewe mafuta, nimewaonyesha na chupa. Na haya niliyoyakuta humu ni mepesi, yametiririka mpaka kwenye kidole changu. Hakuna grisi humu."

"Ulipoikagua mara ya mwisho ilikuwaje?"

"Kavu. Kavu na kutu imeanza. Nilimgombeza yule wa mchana mbele ya wenzake wote. Marehemu, Mungu amrehemu. Akanijibu kwamba yale mafuta mepesi jua la langoni linayakausha kabla hata ya mchana, akaniuliza kama hakuna mengine. Nikamwambia apake mara kwa mara, aache uvivu."

"Na leo haikuwa kavu."

"Leo ilikuwa inateleza vizuri."

"Hayo mafuta ni yako? Yale uliyowachagulia?"

"Ya nani mengine?"

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, fundi. Nimekuuliza kama unayajua au unayadhani."

Fundi alitazama tambara mkononi mwake. Alikuwa amekwisha kuifuta bunduki yote kwa nje, na tambara lilikuwa limeloa mafuta ya taa; hapakuwa na cha kunusa wala cha kulinganisha. Alikiri kwamba alikuwa anayadhani.

Chujio aliirudisha risasi kwenye bahasha. "Usiifungue tena. Irudishe kwenye mfuko wake. Tafuta bunduki nyingine ya aina hii, ipake mafuta yako mwenyewe, mpaka ndani kwenye tundu la pini. Kisha toa baruti kwenye risasi chache, ubakishe kile kitufe tu, kilie lakini kisiue mtu. Na uvae sweta."

"Sweta la nini jua lote hili?"

"Tunakwenda mahali ambapo bunduki ilikuwa jioni ile."

*

Njiani alipita mahabusu. Mlinzi wa jioni aliletwa chumba cha mahojiano akiwa amevaa shati la kazi bila mkanda. Alikuwa kijana mrefu, mwenye magoti makubwa yaliyogonga meza kila alipojisogeza, na alimjibu Chujio kama mtu aliyekwisha kuuza kila kitu nyumbani na sasa anasubiri kuhama.

"Nieleze tena ulivyotoka chumba cha baridi."

"Nilikuwa ndani tangu nipokee zamu. Nikasikia makelele. Nikatoka, nikamwona mtu mwenye bastola amemnyooshea shemeji. Nikavuta. Ikalia tik, basi. Nikakoki, ile risasi ikaruka, nikavuta tena. Tik. Shemeji akaanguka."

"Baada ya hapo?"

"Niliitupa bunduki, nikamshika. Mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi."

"Nani aliisafisha bunduki siku ile?"

Kijana alichelewa kidogo. Ni kuchelewa kwa namna hiyo ambako Chujio alikuwa analipwa mshahara kukuona.

"Utaratibu wetu anayekabidhi ndiye anayesafisha," alisema. "Lakini siku nyingine nasafisha mimi."

"Siku ile?"

"Sikumbuki."

Jana yake alikuwa amekumbuka. Jana alisema bunduki alipewa ikiwa imesafishwa, tayari. Chujio hakumkumbusha.

"Dada yako umewasiliana naye?"

"Hataki kuniona. Aliulizwa kama niletwe mazikoni chini ya ulinzi, akasema nikitia mguu pale nitazikwa mimi." Aliyatamka bila kinyongo, kana kwamba dada yake alikuwa na haki ya kusema hayo na zaidi. "Afande, nakuomba kitu kimoja. Msimsumbue. Msimwulize maswali. Yeye hajui lolote la bunduki."

Hilo nalo Chujio aliondoka nalo.

*

Msimamizi wa ghala hakufurahi kufunguliwa mlango wake wa baridi kwa ajili ya upelelezi; kila mlango unapofunguliwa, alisema, baridi inatoka mlangoni na pesa ya umeme inatoka mfukoni mwake. Hata hivyo aliwapa makoti mazito ya wapakizi na kuwafungulia. Ndani, miili ya ng'ombe ilining'inia kwa safu, barafu nyembamba imeupaka ukuta weupe, na mashine za baridi ziliguna juu bila kupumzika. Pembeni palikuwa na kiti cha plastiki. Hapo ndipo mlinzi wa jioni hukaa, bunduki mapajani, akihesabu nyama inayotoka.

Waliziweka bunduki mbili kwenye kiti, moja ya kesi na moja ya fundi, wakasubiri. Fundi hakuwahi kuingia humo. Alikuwa amekagua silaha za ghala hili miaka yote akiwa langoni, juani, kwenye meza waliyomtolea kwa heshima pamoja na soda. Alipiga miguu chini, akajikumbatia, akauliza kama walinzi kweli wanakaa humu.

"Zamu nzima ya upakiaji," msimamizi alimjibu. "Na bunduki yao."

Baridi ilipokwisha kuingia kwenye chuma, Chujio alimwashiria fundi.

Alianza na bunduki yake mwenyewe. Alitia risasi iliyotolewa baruti, akavuta. Kitufe kililipuka, mlio mdogo mkali uliozurura kati ya nyama. Alitia ya pili, ikalipuka. Kisha akachukua bunduki ya kesi. Alipokoki tu, Chujio aliona mkono wake unasita, maana chuma kilikuwa kinakwenda kizito, kama droo iliyovimba kwa mvua. Akavuta.

Tik.

Akakoki. Risasi ikaruka, ikadunda sakafuni. Akavuta tena.

Tik.

Chujio aliziokota zote mbili. Zilikuwa na vishimo vidogo, vya mviringo, vyenye pengo pembeni, ndugu wa kile cha pipani. Hakujisikia kushangilia. Alimwomba fundi aifungue bunduki palepale, kabla haijapata joto.

Vidole vya fundi vilikuwa vigumu na kazi ilichukua muda. Alipoitoa pini kwenye tundu lake, ilikuwa imevaa kitu cheupe, laini, kama nta ya mshumaa. Tundu lenyewe lilikuwa limejaa hichohicho. Chujio alikwangua kidogo kwa ukucha, akakishika kati ya vidole viwili. Hakikuchukua muda kuyeyuka, kikawa mafuta safi, yanayong'aa, mepesi. Alivinusa vidole vyake, kisha akampelekea fundi puani.

"Nazi," fundi alisema. Akavuta pumzi tena. "Mafuta ya nazi. Na kitu kingine ndani yake."

"Karafuu."

"Mafuta ya nywele kwenye bunduki." Alikaa kwenye kile kiti cha plastiki bila kujali baridi yake. "Langoni yanateleza vizuri kuliko yangu, na hayakauki. Mtu angeyasifu. Kisha jioni inaingizwa humu inaganda, kesho asubuhi inarudishwa juani inayeyuka, na mimi nafika na miwani yangu nasema nzima." Alipangusa vidole kwenye koti. "Marehemu aliniuliza mafuta mengine. Ningemuuliza tu bunduki inalala wapi."

"Utayaandika hayo?"

"Yote nitayaandika. Na lile la uvivu pia."

*

Sasa Chujio alijua mlinzi hakudanganya kuhusu triga. Lakini alijua pia mkuu wa upelelezi atauliza nani aliyapaka mafuta hayo, naye akaenda mahabusu kuuliza mwenyewe kwanza.

"Bunduki ilikuwa na mafuta ya nazi," alimwambia kijana. "Yenye karafuu. Yaliganda chumba cha baridi."

Kijana hakushtuka. Aliinamisha kichwa tu, na Chujio akaelewa kwamba habari hiyo haikuwa mpya kwake.

"Ulijua tangu lini?"

"Usiku ule. Niliponawa damu, harufu ilibaki." Kisha akainua uso na kusema haraka, kama mtoto aliyekariri, "Nilipaka mimi."

"Uliyapata wapi?"

"Dukani."

"Duka gani linauza nazi iliyochemshwa na karafuu?"

Kijana alitazama viganja vyake.

"Nisikilize," Chujio alisema, na sauti yake ikashuka zaidi. "Ukisema ulipaka wewe, kesho mwendesha mashtaka atamwambia hakimu hivi: mtu huyu anajua chumba cha baridi kuliko yeyote, alitia bunduki mafuta yanayoganda, siku hiyohiyo majambazi wakaja. Hapo hutakuwa umejiokoa. Utakuwa umemalizia kazi niliyoianza kuivunja."

"Andika nilipaka mimi, afande."

"Utafia ndani kwa maneno hayo mawili."

"Dada yangu amebaki na mumewe kaburini," kijana alisema. "Huyo anaweza kumlilia. Ukimwambia hili, atakuwa na nini? Mimi nitazoea jela. Yeye hatazoea hili."

Chujio alifunga kalamu yake. Alimwonea huruma, na huruma hiyo haikubadilisha kitu. Kesho asubuhi ilikuwa inakuja, na ushahidi pekee ungetoka kwa mtu ambaye kijana huyu yuko tayari kuozea ndani ili asiulizwe.

*

Dada yake alikuwa msusi. Alikuwa amerudi kazini mapema kuliko watu walivyotarajia, kwa sababu, kama alivyowaambia, nyumbani hata sufuria zinamtazama. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye kiti cha kuzunguka, kioo kikubwa kilichopasuka pembe, na rafu ya chupa. Alikuwa anamsuka mteja. Nusu ya kichwa imekwisha kuwa na mistari, nusu bado imetimka.

"Kama umekuja kumwombea yule, afande, umepoteza nauli," alisema bila kuacha kusuka.

"Sikuja kumwombea mtu. Nina maswali kuhusu kazi ya marehemu."

Mteja alitolewa nje akakae kwenye benchi na kichwa chake nusu. Chujio hakutaja ghala, wala fundi, wala nazi. Ushahidi wa kuwekewa mdomoni hausimami mahakamani, naye alilijua hilo. Alijua pia kwamba alikuwa anamtegea mwanamke mtego ambao ulikuwa unaelekea kumkata pabaya, na hakulipenda hilo.

"Alikuwa anaitunzaje bunduki?"

Uso wa msusi ulilegea kwa mara ya kwanza. "Kuliko alivyonitunza mimi. Nilikuwa namwambia aioe kabisa. Alianza baada ya yule fundi wenu kumgombeza mbele za watu. Alirudi siku hiyo hakusema neno, hakula. Kumbe mafuta waliyopewa yanakauka, na kampuni hawaongezi. Nikamwambia, wewe mume wangu, una mke anayeshinda ndani ya mafuta na wewe unaaibishwa kwa kukosa mafuta?"

"Ukampa?"

"Nikamjazia chupa. Akaipenda. Akasema bunduki sasa inakwenda kama siagi, mpaka msimamizi wake kamsifu. Hakugombezwa tena mpaka anakufa." Alilisema kwa fahari, na hakujaribu kuificha.

"Mafuta gani?"

"Yale pale." Alinyoosha kitana kwenye rafu. "Nachemsha mwenyewe. Nazi, na karafuu kidogo, ngozi ya kichwa isiwashe."

Chujio aliandika. Kalamu ilikuwa inakwenda taratibu kuliko kawaida yake. Lilibaki swali moja, na bila swali hilo maelezo yote yalikuwa hadithi ya mke aliyempenda mumewe.

"Wakati wa baridi yanakuwaje?"

"Ah, yanaganda. Asubuhi za baridi kazi yangu ya kwanza ni kuiweka chupa kwenye maji ya moto, la sivyo hata tone..."

Aliishia hapo. Kitana kilikuwa bado kimenyooshwa kuelekea rafu. Nje, mteja alikuwa anaongea na simu kuhusu kichwa chake.

"Zamu ya jioni," msusi alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "inakaa wapi na ile bunduki?"

"Chumba cha baridi."

Alirudi nyuma mpaka kwenye kiti cha wateja, akakaa. Kioo kilikuwa mbele yake. Alikisukuma kiti kwa mguu kikazunguka, akawa anatazama ukuta.

"Kwa hiyo alivuta."

"Alivuta mara mbili. Leo tumejaribu bunduki hukohuko. Haikulia."

"Na mimi nikasema nitamzika." Alikuwa anaongea na ukuta. "Mtoto nimemlea kwa mikono hii. Nikawaambia polisi nitamzika." Kisha akauliza kile ambacho Chujio alitamani asiulize. "Anajua yalikuwa yangu?"

"Anajua tangu siku ile ile. Anasema alipaka yeye."

"Kwa nini?"

"Ili usijue wewe. Nimemwambia kwamba akishikilia hivyo hatatoka. Amesema atazoea."

Msusi alisimama. Alifunga vizibo vya chupa zote kwenye rafu, kimoja baada ya kingine, kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika. Kisha akatoka nje na kumwambia mteja arudi kesho atamalizia. Mteja alianza kulalamika kwamba hawezi kupita mtaani namna ile, akauona uso wa msusi, akajifunga kitambaa na kuondoka.

"Nisubiri nifunge mlango," msusi alimwambia Chujio. "Nitasema nikiwa mbele yake."

*

Chumba cha mahojiano kilikuwa na viti vitatu, na konstebo aliyewaleta alibaki amesimama. Kijana alipomwona dada yake alinyanyuka, magoti yakaigonga meza, akakaa tena kwa kuwa hakujua kama anaruhusiwa kusimama. Dada hakumtazama. Alikaa, akaweka mikono yote mezani, akaanza kumweleza Chujio kuanzia siku ya kugombezwa.

"Dada, acha," kijana alimkatiza. "Afande, usiandike. Nilipaka mimi."

"Nyamaza," dada yake alisema. "Wewe hata hayo magoti yako hujawahi kuyapaka mafuta mpaka ukimbizwe uani."

Konstebo alikohoa, akageukia ukuta. Dada akaendelea mpaka mwisho, na chupa, na karafuu, na maji ya moto ya asubuhi za baridi. Hakuruka kitu. Alipofika kwenye maji ya moto alilirudia hilo kwa ufasaha zaidi, kama anayehofia kalamu ya Chujio isije ikalikosa.

Chujio alimsomea maelezo aliyoyaandika. Kwa karatasi hiyo, pamoja na taarifa ya fundi, kijana asingepandishwa kizimbani kesho. Waliompiga risasi marehemu walikuwa bado wako nje na lori lao, na kazi hiyo ilikuwa haijaanza hata kidogo. Alisogeza karatasi na kalamu. Dada aliisoma mwenyewe tena, mstari kwa mstari, akaweka kidole mahali.

"Hapa umeandika mume wangu aliyachukua mafuta saluni."

"Ndiyo."

"Hakuchukua. Wakisoma hivi watasema ni yeye aliyejitakia." Aliinua kidole, akamrudishia kalamu. "Andika nilimpa."

Chujio alilikata neno, akaandika lile aliloambiwa. Dada akatia sahihi, huku mdogo wake akilia kwa sauti kilio ambacho hakupewa nafasi ya kukilia mazikoni.